Nane na Moja

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wala sijisifu. Nilizaliwa Mpwapwa kwenye vumbi na jua, nikaajiriwa na shirika la simu, na shirika likaniona ninafaa kuletwa Kyela, ambako mvua hainyeshi bali inamiminwa. Nguo zangu zilikuwa hazikauki. Mchele wao mtamu niliula huku nanung'unika. Watu wa pale walinivumilia kuliko nilivyostahili, na hilo nalo lilinikera.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa bati. Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha la wateja. Chumba cha nyuma kilikuwa na mtambo, meza ya opereta, na chungu cha udongo kutoka Ikombe tulichokitega sakafuni pale bati lilipovuja. Zamani tulikuwa watu saba. Likaja punguzo la wafanyakazi, kwa kuwa shirika lilikuwa linaandaliwa kuuzwa, tukabaki wawili: mimi Philemon, fundi, na Tusajigwe, opereta.

Mtambo wenyewe ulikuwa kabati la chuma lililonizidi urefu kidogo. Ukisimama mbele yake unaona sloti kumi na mbili, yaani nafasi nyembamba za kusimamisha kadi, na katika kila sloti kadi moja. Kadi moja inahudumia simu kumi na sita. Usoni ina taa ndogo: ya kijani kama hakuna anayeongea, nyekundu kama yupo mtu hewani. Ukizunguka nyuma huoni taa wala kadi. Unaona paneli ya nyuma, yenye matundu kumi na mawili, na kila tundu lina plagi nene iliyobeba nyaya za wateja wa sloti hiyo. Namba za matundu nilikuwa nimeziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, maana zile za kiwandani unyevu wa Kyela ulishazibandua.

Kwa hiyo fundi aliye nyuma ya mtambo ni kipofu. Hajui nani anaongea, na akichomoa plagi ya mtu aliye hewani amemkatia maneno mdomoni. Ndiyo maana kazi ile ilitaka watu wawili. Mimi nilikuwa nyuma na bisibisi, nauliza kwa sauti, "Mbele, nani hewani?" Tusajigwe anatazama taa nyekundu na kujibu, "Mbili na sita." Basi mbili na sita sizigusi mpaka aseme zimenyamaza.

Mpango huo ulikuwa mzuri, ila opereta wangu alikuwa hawezi kusema tisa.

Najua inavyosikika. Nami niliposikia mara ya kwanza nilicheka, kisha nikakasirika. Tusajigwe alikuwa ameolewa na Eliud, mtoto wa Mzee Anangisye, tajiri wa mpunga mwenye mashamba Makwale na nyumba hapo mjini. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akimwona mkwe anakuja njiani, anaingia kwenye migomba mpaka apite. Haongei naye. Jina lake halitamki, wala neno lolote linalofanana nalo. Wengi mjini walikuwa wameanza kulegeza, lakini ukoo wa Mzee Anangisye haukulegeza chochote, na Tusajigwe alikuwa mtu wa heshima zake.

Sasa mzee huyo ujanani alikwenda machimbo ya Afrika Kusini, akafanya kazi katika shimo namba tisa, akarudi na koti, baiskeli na jina jipya: Naini. Wazee wenzake walimwita Naini. Wajukuu wakamwita Babu Tisa. Basi kwa mkamwana wake, Anangisye lilikuwa halitamkiki, Naini halitamkiki, na tisa nayo ikafuata huko huko. Opereta wa simu, mtu anayeshinda akitaja namba tangu asubuhi mpaka jioni, alikuwa akifika kwenye tisa anasema "nane na moja".

Wateja wa pale walimzoea. Wa Mbeya hawakumzoea. Siku moja alimwombea mteja namba yenye tisa mwishoni, akasema "tatu, nane na moja," na opereta wa Mbeya akapiga tatu-nane-moja. Mwuza matairi mmoja akapongezwa kwa kupata mapacha. Mji ulicheka wiki nzima. Mimi sikucheka, kwa sababu barua ya malalamiko ililetwa kwangu.

"Mama, tisa ni namba tu," nilimwambia. "Mungu hana kesi na tisa."

"Fundi, si Mungu. Ni mdomo wangu haufunguki hapo."

"Basi sikiliza. Kuanzia leo sitaki kusikia nane na moja ndani ya nyumba hii. Ukisema nane na moja, nitaelewa nane, na nitaelewa moja. Ukishindwa kusema, andika kwenye karatasi uniletee."

Akasema sawa. Kuandika mwiko haukumkataza. Tangu siku hiyo ikifika tisa aliandika kwenye kipande cha karatasi, akainuka, akazunguka mtambo, akanionyesha. Nilijiona nimetatua tatizo. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza, na nauweka wazi mapema ili msije mkanionea huruma.

Mwaka 1998, mwaka ule wa mvua za Elnino, radi ilitupiga mwezi wa tatu. Kadi ya sloti ya saba ikaungua, ikanuka chumba kizima. Nikapiga Mbeya kuomba kadi. Wakasema ununuzi wote umesimama, anasubiriwa mwekezaji. Nikapiga tena, nikapayuka, na baada ya wiki mbili basi likaniletea boksi. Ndani mlikuwa na kadi iliyonunuliwa kwa zabuni kwa mfanyabiashara fulani, kwa kuwa siku zile za soko huria kila mtu alikuwa anauza kila kitu. Rangi ni ile ile, urefu ni ule ule. Nikaiingiza kwenye sloti, ikateleza vizuri mpaka karibu na mwisho, ikagoma. Meno yake na meno ya kabati yalikuwa hayalingani kwa upana wa ukucha. Niliisukuma, nikaitukana, nikaitoa. Mbeya wakasema, "Subiri."

Ndipo nilipobuni mgao. Nchi yote ilikuwa inajua mgao wa umeme, mimi nikaanzisha mgao wa kadi. Asubuhi wateja wa nane wanatumia kadi yao ya nane. Saa sita mchana nakwenda nyuma, nachomoa plagi ya nane, naweka plagi ya saba mahali pake. Kesho asubuhi narudisha. Mji ukagawanyika kuwa watu wa asubuhi na watu wa mchana, na watu wa mchana walikuwa na kiongozi wao, Tereza, mfanyabiashara wa mchele mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka Mwaya. Ikifika saa sita na dakika tano yuko dirishani.

Wiki baada ya Pasaka, Eliud alipata ajali ng'ambo. Alikuwa amevusha mchele Malawi, lori likamlalia mguu, akalazwa katika hospitali moja huko milimani. Habari zilikuja Alhamisi na mchuuzi mwenzake: kidonda kimeoza, mguu lazima ukatwe, na mwenyewe ana homa, anaweweseka, hawezi kutia sahihi. Kulikuwa na daktari mpasuaji mgeni ambaye angeondoka Jumamosi saa kumi jioni. Hospitali ilitaka neno la mzazi. Wangempigia Mzee Anangisye nyumbani kwake Jumamosi asubuhi, aseme wakate au wasikate.

Ijumaa mto Songwe ukafurika, barabara ikakatika. Hakuna aliyeweza kwenda. Ilibaki simu.

Nilimuuliza Tusajigwe, "Wewe ndiye mkewe. Kwa nini usiwaambie wewe wakate?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Mguu wa mtoto wa watu nitauamulia mimi, na baba yake yupo?"

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi namtaka Eliud. Aje na mguu mmoja, aje bila miguu. Nitambeba." Akageuka akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Jumamosi alifika kabla yangu. Alikaa na vipokeo masikioni asubuhi nzima, akisubiri opereta wa Mbeya aseme Malawi iko hewani. Ng'ambo ile iko karibu, mtu anakwenda kwa baiskeli, lakini sauti ilikuwa lazima ipande Mbeya, iende Dar es Salaam, ivuke mpaka Lilongwe, ndipo ishuke tena karibu na tulipo. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Mvua ilianza. Nilimwona midomo yake inacheza, anaomba, nikajifanya natafuta bisibisi.

Saa sita Tereza alikuwa dirishani na watu wa mchana wapatao kumi, wamejikunyata chini ya bati. "Fundi! Saa yetu!" Nikawaambia wasubiri. "Tusubiri nini? Jana ulituchelewesha nusu saa!" Tukajibizana. Mimi nikijibizana sisikii kingine, na ndiyo maana sikusikia kengele ya Mbeya ilipolia chumba cha nyuma, wala sikujua kwamba simu ya Malawi imeingia na Tusajigwe ameshaiunganisha na nyumbani kwa mkwe wake. Simu ya Mzee Anangisye ilikuwa kwenye sloti ya tisa.

Niliingia chumba cha nyuma nimefura. Sikumtazama opereta. Nilipita moja kwa moja nyuma ya mtambo, nikapiga chungu teke, maji yakamwagikia viatu vyangu, hasira zikaongezeka. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba mtu ukiongea unajisikia mwenyewe kwa mbali. Nikapaza sauti, "Mbele, nani hewani?"

Kwa kawaida angeandika karatasi akaniletea. Lakini simu zile za mbali opereta haziachi. Mbeya wakiona hakuna mtu anayezilinda, wanazichukua. Tusajigwe alikuwa amefungwa pale mezani na waya wa vipokeo, hawezi kuinuka. Akapiga kelele kitu pekee alichokuwa nacho.

"Nane na moja! Fundi, nane na moja!"

Nami nikaelewa kama nilivyomwambia nitaelewa. Moja ilikuwa na simu za boma na polisi, haikosi mtu hewani. Nane, nikasema moyoni, hawa watu wa asubuhi wamegoma kutoka. Nikasubiri dakika moja. Tereza akapiga dirisha kwa kiganja, nikalisikia hata kwenye mvua ile. Nikauliza tena. Akajibu tena, na sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka, nami nikadhani ni woga wa radi. "Nane na moja!"

Basi, nikasema, kama nane ina mtu, tisa haina. Leo watu wa mchana nitawapa kadi ya tisa, nane niiache imalize. Nikaona hata nimekuwa mwungwana. Nikalegeza skrubu mbili za plagi ya tisa, nikaichomoa, nikachomeka ya saba mahali pake.

Upande wa mbele nikasikia mlio mfupi, wa mtu aliyepaliwa.

Nilizunguka. Tusajigwe alikuwa amesimama, ameshika vipokeo kwa mikono miwili, macho kwenye kadi.

"Nani alikuwa hewani?" nikauliza.

Alichukua kipande cha karatasi, akaandika, akanipa. Ilikuwa 9.

Nilikimbia nyuma nikairudisha plagi. Skrubu moja ikaanguka ndani ya maji. Plagi ilikaa, nikarudi mbele nikakuta taa ni ya kijani, kila kitu kikawa kizima kama mwanzo isipokuwa ile simu yenyewe. Tusajigwe alikuwa ameshaanza kuita. "Mbeya. Mbeya. Nirudishie Malawi, nakuomba, dada yangu, nirudishie Malawi." Mbeya wakaita Dar es Salaam. Dar es Salaam wakasema njia zote za Malawi zina watu, tujaribu baadaye.

Kisha ikalia simu kutoka mjini. Tusajigwe alitazama namba, akavua vipokeo akaviweka mezani, akatoka nje. Nikajua ni nani. Nikapokea mimi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fundi, imekatika." Sauti ya Mzee Anangisye ilikuwa ya polepole, ya mtu anayejitahidi asiwape watu shida. "Daktari aliniuliza. Nikamwambia, niwekee kwanza mwanangu masikioni, nisikie pumzi yake, ndipo nikujibu. Wakaenda kumsogeza kitanda. Nikawa nasubiri. Halafu kimya."

"Na jibu lako, baba, ni nini?"

"Akate! Mguu ni kitu gani? Mwambieni akate. Nilitaka tu kumsikia." Akavuta pumzi. "Kwani imekuwaje?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Mvua, baba. Mvua imevuruga njia."

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Jaribuni, basi."

Tulijaribu. Jibu tulikuwa nalo, njia hatukuwa nayo. Saa saba, njia zina watu. Saa nane, Lilongwe haipokei. Niliwatukana watu wa Dar es Salaam, kisha nikawabembeleza, kisha nikawadanganya kwamba ni simu ya Ikulu. Tusajigwe hakutukana mtu. Alisema tu "nakuomba", kila mara kwa sauti ile ile, mpaka nikatamani atukane. Watu wa mchana walikuwa wameshaelewa kuna msiba unanukia, wakatulia, na Tereza aliingia na kikombe cha chai akamwekea mezani bila kusema neno. Chai ilipoa pale. Mimi fundi, mwenye cheti cha mitambo na bisibisi mfukoni, nilisimama katikati ya chumba na mikono yangu miwili, na hakukuwa na kitu cha kukaza wala kulegeza.

Lilongwe ilipatikana saa kumi kasoro robo. Simu ya hospitali ikalia, ikalia, haikupokewa. Tukarudia. Ilipokewa saa kumi na dakika ishirini na muuguzi. Tusajigwe akamwunganisha na mkwe wake, akavua vipokeo kichwani, akanipa mimi nilinde simu, akatoka kusimama kwenye mvua.

Nilisikia yote. Mzee alisema, "Kateni." Muuguzi akasema daktari alisubiri amevaa glavu zaidi ya saa nzima, na gari lilikuja kumchukua, ameondoka. Atarudi Jumanne. Mzee akasema, "Nimesema kateni." Muuguzi akasema anasikitika sana. Mzee akasema tena, taratibu, labda akidhani Kiswahili chake ndicho kisichofika. "Mimi baba yake nimekubali. Kateni."

Eliud alifariki Jumapili jioni. Mto uliposhuka wakamleta, tukamzika Makwale. Nilichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, nikapewa sifa kwamba huyu mgeni ana utu. Kila aliyenisifu nilitamani nimpige, kisha nikatamani anipige yeye.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa. Swali lao lilikuwa moja: kwa nini simu ilikatika pale pale? Mvua inanyesha kila siku Kyela na simu zinapita. Ndipo Tereza, ambaye hakuwa na nia mbaya, akasema alichokiona kutoka dirishani, kupitia mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi: mkamwana alikuwa amevaa vipokeo masikioni wakati mkwe wake anaongea. Alikuwa anaisikiliza sauti ya mkwe. Wazee wakatazamana. Hawakuhitaji kingine. Mwanamke ametia sauti ya baba mkwe ndani ya masikio yake, na neno la kumwokoa mwanamume likakatika. Waliamua Tusajigwe apelekwe kwao Mwaya, na watoto wake wawili wabaki kwa babu yao.

Nilipoambiwa, sikulala, sikula. Huyu mwanamke alikuwa ameshika mwiko mpaka mumewe akafa, sasa anahukumiwa kwa kuuvunja. Na aliyechomoa plagi alikuwa anasifiwa kwa kuchimba kaburi. Siku ya pili niliona siwezi tena. Nilivaa shati safi, nikaenda kwa Mzee Anangisye.

Alikuwa barazani, amezungukwa na ndugu zake wawili. Nilimsalimu, nikapiga magoti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia hata baba yangu. Nikasema yote. Nikaeleza kadi ya mbele na plagi ya nyuma, nikaeleza mgao, nikaeleza nane na moja, nikaeleza kwamba mimi ndiye niliyemkataza. "Plagi yako niliichomoa mimi, baba. Kwa mkono huu. Mkamwana wako alipiga kelele kunizuia. Hana kosa hata chembe."

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekonda.

"Siku ile nilikuuliza," akasema. "Ukaniambia mvua."

"Nilidanganya, baba."

"Ulinidanganya mwanangu akiwa hai. Leo amekufa, ndiyo unasema kweli?"

"Ndiyo."

Ndugu yake mmoja akauliza, "Fundi, mke wako yuko wapi?"

"Mpwapwa."

"Na chumba kile cha mtambo mnakaa wangapi?"

"Wawili," nikasema, na wakati nasema nikaona macho yao yanavyohama. Nikaanza kueleza upya, kwa haraka, kwa sauti kubwa, hasira ikaniingia hata pale, nikasema kwamba huo ni upuuzi, kwamba ni kabati la chuma tu na waya, waje nami ofisini nikawaonyeshe paneli yenyewe, waone namba nilizoandika. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo walivyonyamaza. Mwisho Mzee Anangisye akasema, "Nenda, mwanangu. Ndaga kwa kuja." Hakunitazama tena.

Kesho yake Tusajigwe alikuja ofisini kukabidhi funguo. Alikuwa amevaa kaniki, na kifurushi chake kilikuwa mlangoni. Alikuwa amenyolewa. Aliweka funguo mezani, akavikunja vizuri vipokeo, akaviweka juu ya daftari la simu.

Nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyechomoa."

"Najua. Taa nyekundu ilizimika mbele ya macho yangu."

"Sasa kwa nini hukuwaambia wazee?"

"Wangeniuliza ilikuwa plagi ipi, fundi." Akatafuta mahali pa kushika kwenye ukingo wa meza. "Niliona ni afadhali ninyamaze. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri tu. Shangazi yake Eliud alikuwa ameshaongea nao: nikae Mwaya mwezi mmoja, niombewe, wanipake dawa, kisha nirudi kwa wanangu. Mwezi mmoja si mwingi."

"Basi utarudi."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia.

"Jana jioni wamekaa tena," akasema. "Wamesema nisirudi kabisa. Wamesema fundi alikuja kunitetea."

Akachukua kifurushi chake, akaniaga vizuri, akaenda kutafuta usafiri wa Mwaya.